Nyimbo tatu za Drake si ujanja: mhariri, tuhesabieni wiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wenu wa burudani. Katika makala yake kuhusu Drake alidai kwamba tabia ya rapa huyo kuachia nyimbo mbili au tatu badala ya albamu nzima ni hila ya kuteka chati, na kwamba msanii anayejiheshimu hakai na vipande vipande. Makala hiyo nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma nikiwa na daftari langu mkononi, maana kuna tarakimu iliyonikwaza, na hukumu yenyewe ikanikwaza zaidi.

Mimi ni dereva wa basi la usiku hapa Toronto, jiji alikozaliwa Drake. Sisi wa ughaibuni gazeti lenu tunalisoma kwenye simu, na mimi hulisoma mwisho wa njia, pale basi linapogeuzia. Kila nikifika pale nina dakika kama kumi na tano za kupumzika, na theluji ikinichelewesha hubaki kumi au kumi na mbili. Nikiwa kwenye usukani siweki kitu masikioni, hairuhusiwi na wala sitaki. Kwa hiyo muziki wangu wote wa usiku, kwa miaka kumi na miwili sasa, nimeusikilizia pale mwisho wa njia, taa za ndani zimepunguzwa, kikombe kipo kwenye dashibodi.

Natangulia kueleza haya kwa sababu mtu anayesikiliza kwa dakika kumi na mbili kumi na mbili anaujua vizuri urefu wa kazi. Albamu ya nyimbo 25 huimaliza kwa usiku mbili au tatu, na nikifika wimbo wa kumi na nane nimeshasahau wa tano ulisemaje. Nyimbo tatu nazisikiliza zote, naanza upya wa kwanza, kisha nawasha injini.

Daftari ni tabia niliyoirithi kwa marehemu baba. Yeye aliandika matokeo ya mpira, mimi naandika nyimbo kumi za juu za Hot 100, chati ya nyimbo zinazovuma Marekani inayotolewa kila wiki na jarida la Billboard. Nilianza Julai 2015, mwezi ambao kampuni za muziki duniani zilikubaliana kazi mpya zitoke Ijumaa. Billboard nao wakaipanga wiki yao ya kuhesabu ianze Ijumaa na kuisha Alhamisi. Nikirudi nyumbani Jumanne asubuhi, kabla sijalala, naandika kumi zangu. Binti yangu ana miaka kumi na sita na ananiambia yote hayo yapo mtandaoni. Ni kweli yapo. Ila ukiandika kwa mkono wako unakumbuka.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 19 Januari 2018, kijana mmoja alipanda basi langu akitoka kazini ghalani, akakaa kiti cha mbele. Tulipofika mwisho wa njia hakushuka. Nilimwambia tumefika, akaniomba nimvumilie wimbo uishe. Nikamuuliza ni wimbo gani huo wa kumzuia mtu kwenda kulala saa saba usiku. Akanionyesha simu: Scary Hours, nyimbo mbili tu, zilizotoka usiku ule ule. Saa za kutisha. Niliposoma jina hilo nikaona kama limeandikwa kwa ajili ya watu wa zamu yetu. Kijana akachomoa waya, akaniwekea "God's Plan" kwa sauti ya simu, halafu "Diplomatic Immunity". Wa kwanza una kiitikio anachoweza kukiimba mtoto mdogo. Wa pili ni mistari mitupu tangu mwanzo, mtu anaongea kwa vina kana kwamba amefungiwa chumbani na hasira zake. Kwa pamoja hazifiki dakika nane. Nilibaki na muda wa kunywa chai yangu.

Wiki mbili baadaye nikaandika daftarini, chati ya tarehe 3 Februari: "God's Plan", nafasi ya 1, imeingia moja kwa moja. "Diplomatic Immunity", nafasi ya 7, nayo imeingia moja kwa moja. Nikaendelea kuandika "God's Plan" nafasi ya kwanza wiki baada ya wiki mpaka zikafika 11. Alipoondolewa pale juu aliondolewa na nani? Na yeye mwenyewe, kwa wimbo wake mwingine, "Nice for What". Mwaka ule, ukijumlisha na "In My Feelings", alikaa namba moja wiki 29. Zaidi ya nusu ya mwaka, Mhariri, na mlango wa yote hayo ulifunguliwa na kazi ya nyimbo mbili.

Hapa mwandishi wenu atasema: ndiyo hiyo hila yenyewe. Nami sitamkatalia kila kitu. "God's Plan" iliingizwa baadaye kwenye albamu ya Scorpion iliyotoka Juni mwaka ule ule, na albamu hiyo ilipata cheti cha platinamu, kile cha mauzo ya milioni moja, siku ile ile ilipotoka, kwa sababu nyimbo zilizotangulia zilishasikilizwa mno na hesabu yake ikabebwa. Hilo lipo wazi, na anayelalamikia hilo ana haki ya kulalamika. Lakini tazameni kosa liko wapi. Liko kwenye albamu. Kazi fupi ilifanya kazi yake Januari, ikapendwa kwa jinsi ilivyo, halafu albamu ndefu ikaja kuvuna shamba ambalo lilishalimwa.

Na Scorpion ilikuwa na nyimbo 25. Nampenda Drake, lakini zile 25 hazikuwa zote za lazima. Kwa kanuni ya Billboard iliyoanza kutumika Julai 2018, kusikilizwa mara 1,250 na wateja wanaolipia, au mara 3,750 na wale wanaosikiliza bure kwa kuvumilia matangazo, kulihesabiwa sawa na kuuza albamu moja. Fikirini maana yake. Shabiki mmoja akiipitisha albamu ya nyimbo 25 mwanzo hadi mwisho amechangia mara 25. Akiipitisha kazi ya nyimbo mbili amechangia mara mbili. Sasa kama mtu anatafuta hila ya kuijaza chati ya albamu, atakwenda kwenye nyimbo mbili au kwenye 25? Mwandishi wenu ameelekeza kidole nyumba ya jirani.

Kipindi kile kile rapa Pusha T, ambaye walikuwa wanarushiana mistari mikali na Drake, alitoa albamu ya Daytona yenye nyimbo saba, kama dakika 21. Niliisikiliza kwa mapumziko mawili. Sikuwa upande wake kwenye ugomvi ule, na bado sipo, ila ilinibidi nikubali kwamba hakuna wimbo pale niliotaka kuuruka.

Ningependa pia mwandishi akumbuke Drake alianzia wapi. Mwaka 2009 alitoa kanda ya So Far Gone bure mtandaoni, na Septemba ya mwaka huo nyimbo chache za kanda hiyo zikachaguliwa, zikaongezwa mpya, zikauzwa kama EP, yaani kazi fupi kuliko albamu, ya nyimbo saba. EP hiyo iliingia nafasi ya 6 kwenye chati ya albamu. "Best I Ever Had" iliyokuwamo ilifika nafasi ya 2 kwenye Hot 100. Huyu mtu kazi yake ya kwanza kuuzwa na kampuni kubwa ilikuwa fupi. Hakubuni hila uzeeni. Amerudi alikoanzia.

Nije kwenye mwaka 2021, ambao ndio hasa ulionifanya nichukue kalamu.

Machi mwaka ule jiji letu lilikuwa bado chini ya amri ya kukaa ndani kwa sababu ya korona. Albamu ya Certified Lover Boy ilikuwa imeahidiwa kwa Januari ikaahirishwa, mwenyewe akiwa anauguza goti baada ya upasuaji. Basi langu lilikuwa na abiria watano, sita: wauguzi, wasafisha hospitali, watu wa maghala, kila mmoja na kiti chake mbali na mwenzake, barakoa usoni. Hakuna aliyezungumza. Nilikuwa naendesha kilomita nyingi nikisikia vipangusio vya kioo tu. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Machi ikatoka Scary Hours 2, nyimbo tatu: "What's Next", "Wants and Needs" aliomshirikisha Lil Baby, na "Lemon Pepper Freestyle" aliomshirikisha Rick Ross. Jumla yake ni dakika kumi na mbili na nusu hivi. Mapumziko yangu kamili.

Wimbo wa tatu unazidi dakika sita na hauna kiitikio. Rick Ross anafungua, kisha Drake anaingia na haachii mpaka mwisho. Katikati ya mistari ile anaeleza anavyompeleka mtoto wake shule na kurudi kumchukua kengele ikigonga. Nilikuwa nimeegesha, nje theluji nyepesi, na binti yangu wakati huo alikuwa miezi na miezi anasomea kwenye meza ya jikoni kwa kompyuta. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka shule asubuhi nikitoka zamu, kabla ya yote hayo. Nilikuwa sijatambua ni kiasi gani nilikosa zile dakika saba za kutembea naye hadi lango la shule. Wimbo ulipoisha nilichelewa kuondoa basi kwa dakika mbili, jambo ambalo silifanyi.

Sasa chati. Jumanne niliyoandika chati ya tarehe 20 Machi 2021, daftari linasema hivi: 1, "What's Next". 2, "Wants and Needs". 3, "Lemon Pepper Freestyle". Zote tatu zimeingia siku moja. The Beatles waliwahi kushika nafasi tano za juu kwa mpigo Aprili 1964, na Ariana Grande alishika tatu za juu Februari 2019, lakini nyimbo za wote hao hazikuingia chati wiki moja zikakaa pale zote. Drake ndiye wa kwanza kuingia na tatu mpya na kuzikalisha moja, mbili, tatu. Wimbo wa Olivia Rodrigo, "Drivers License", ulikuwa umekaa juu wiki nane mfululizo, ukasukumwa.

Mwandishi wenu aliandika kwamba mafanikio hayo yanathibitisha nguvu ya jina tu, kwamba hata angetoa sauti ya mlango unaofungwa ingeingia namba moja. Ndugu Mhariri, wimbo wa dakika sita usio na kiitikio ulishika nafasi ya tatu Marekani. Redio haziupendi wimbo wa namna hiyo. Wanaosema nyimbo zinafupishwa ili zirudiwerudiwe hawana jibu kwa huo. Watu waliusikiliza kwa sababu alikuwa ana la kusema, na waliufikia kwa sababu ulikuwa wa tatu katika nyimbo tatu. Ungekuwa wa ishirini na moja kwenye albamu, mimi nisingeufikia hadi usiku wa pili, na wengi wasingeufikia kabisa. Hapo ndipo ninapoupenda ufupi. Hauna pa kumficha mtu. Ukiwa na nyimbo tatu, kila mmoja utakaguliwa. Udhaifu hauwezi kujibanza nyuma ya wimbo mwingine.

Tena, hakuna hata mmoja kati ya zile tatu ulioingizwa kwenye Certified Lover Boy ilipotoka hatimaye Septemba. Hazikuwa chambo. Zilisimama zenyewe hadi leo.

Kuhusu jina kuwa na nguvu, mwandishi angetazama Agosti 2024. Drake aliachia tena nyimbo tatu kwa mpigo, baada ya ugomvi wake na rapa mwenzake Kendrick Lamar kumchosha yeye na sisi mashabiki wake. Idadi ile ile, jina lile lile, Ijumaa au siku nyingine isiwe hoja. Sikuandika hata mmoja wake daftarini, kwa sababu hakuna uliofika kumi bora. Kama ufupi ungekuwa uchawi, ungefanya kazi na mara hiyo.

Nisije nikaonekana natetea kila kitu, kuna kimoja kilichoniudhi na bado kinaniudhi. Novemba 2023 ikatoka Scary Hours ya tatu. Mwezi uliotangulia alikuwa ametoa For All the Dogs yenye nyimbo 23, akasema atapumzika kwa sababu ya tumbo, na mimi nikamwombea afya. Wiki sita tu baadaye akaja na nyimbo sita mpya. Nilifurahi nilipoliona lile jina. Lakini safari hii hazikuachwa zisimame zenyewe. Zilibandikwa kwenye albamu ile ile ya Oktoba kama toleo lake jipya, na albamu ikarudi namba moja. Nilizitafuta pale mwisho wa njia nikakuta nyimbo sita zimeunganishwa na nyingine 23 ambazo nilishazisikia. Mistari ya zile sita ni mizuri, kuna mahali anarap kama kijana wa 2009. Zilistahili jalada lao na jina lao, watu wazihukumu peke yake. Hapa ndipo mwandishi wenu angepaza sauti, nami ningemuunga mkono mstari kwa mstari. Ajabu ni kwamba katika makala nzima hakuitaja.

Jambo la mwisho kuhusu muziki wenyewe, kabla sijafika kwenye ombi. Februari 2019 "God's Plan" ilishinda Grammy ya wimbo bora wa rap. Alipopanda kuichukua, badala ya kuisifu tuzo, aliwaambia wasanii wenzake kwamba kama kuna watu wenye kazi za kawaida wanaotoka kwenye mvua na theluji na kutumia pesa ya jasho lao kununua tiketi, basi wameshashinda, hawaihitaji tuzo ile. Nilikuwa nimetoka zamu, buti zangu bado zina theluji mlangoni. Mke wangu aliniangalia tu. Sikumjibu kitu.

Ndiyo maana ninajali chati zinavyoandikwa, Mhariri, na ombi langu ni dogo. Ukurasa wenu wa burudani kila mara huandika wimbo umeingia namba ngapi, kisha mnausahau. Nafasi ya kuingilia inapimwa kwa siku saba za kwanza, na siku saba za kwanza ni za mashabiki kama mimi, tunaokesha hadi saa sita usiku. Redio huchelewa kuupokea wimbo, na msikilizaji asiyemfuatilia msanii huchelewa zaidi. Wimbo ukiwa bado pale baada ya wiki ya sita, huo sasa umeingia majumbani. "God's Plan" na "What's Next" zote ziliingia namba moja, zote zilitoka kwenye kazi fupi ya jina moja, za mtu mmoja. Wa kwanza ulikaa juu wiki 11. Wa pili ulikaa wiki moja, na chati ya tarehe 27 Machi ikaonyesha Cardi B kileleni na wimbo wake "Up". Naipenda "What's Next", video yake ilipigwa hapa hapa jijini kwenye theluji na barabara zile nazijua. Lakini wiki moja si wiki 11, na msomaji wenu anastahili kuliona hilo. Wekeni safu moja zaidi kwenye jedwali lenu: wiki. Haitachukua nafasi ya sentimita mbili.

Na ile tarakimu iliyonikwaza ni hiyo hiyo. Mwandishi wenu aliandika kwamba "What's Next" iliongoza Hot 100 kwa wiki tatu. Nadhani alichanganya nyimbo tatu na wiki tatu. Naomba msahihishe katika toleo lijalo. Nimeupiga picha ukurasa wa daftari langu wa Machi 2021 na kuuambatanisha na barua hii. Doa lililo kwenye kona ya juu ni chai.

Wenu,
Dereva wa basi la usiku,
Toronto, Kanada